Ukisoma jerontolojia mtandaoni unapata kazi gani hasa?

#1 Msomi wa Usiku
Wakuu, salaam.

Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya jerontolojia, yaani elimu ya uzee na maisha ya wazee, kwa njia ya mtandao. Vipindi ni jioni na wikiendi, hakuna kukanyaga chuoni hata siku moja. Shahada yangu ya kwanza ni ya sosholojia. Nataka kufanya kazi na wazee. Sina nia ya kuwatibu. Nataka kuwasaidia waishi vizuri, wapate huduma wanazostahili, na familia zao zisihangaike kwa kutojua pa kuanzia.

Sasa kila ninayemwambia ananijibu moja kati ya mawili: "si usome uuguzi tu?" au "huko kuna kazi gani?" Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani linasema ifikapo 2030 mtu 1 kati ya 6 duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi. Wazee wako wengi hivyo, inakuwaje waliosoma fani yenyewe ndio wanaolalamika kukosa ajira? Waliopita njia hii, tiririkeni.

#2 Nguchiro
Siti ya mbele. Nami nazeeka, nataka kujua nani atanihudumia.

#3 Kipima Joto
Mkuu, mimi ni muuguzi, nipo kwenye makazi ya wazee. Nitakujibu bila kuzunguka: hiyo ni elimu, siyo leseni. Watu wanachanganya hivyo viwili halafu wanalia baadaye.

Chukua Marekani. Sheria ya shirikisho inataka msaidizi wa uuguzi kwenye makazi ya wazee apate angalau saa 75 za mafunzo, 16 kati ya hizo za vitendo chini ya usimamizi, kisha afaulu mtihani. Akimaliza hapo anaruhusiwa kumgusa mzee: kumwogesha, kumgeuza, kumlisha. Wewe mwenye shahada ya uzamili ya jerontolojia, kwa shahada hiyo peke yake, huruhusiwi. Hata kuongoza makazi kunahitaji leseni yake, yenye mtihani wake. Ndiyo maana wengi wanamaliza na kujikuta wanajua mengi kuhusu wazee, lakini hakuna mlango ambao cheti chao kinaufungua peke yake.

#4 Mizani
Nampinga Kipima Joto kidogo. Milango ipo, ila haijaandikwa "jerontolojia" juu. Nani amewahi kuona tangazo la "anatafutwa mwanajerontolojia"? Wanaandika mratibu wa huduma, afisa ustawi, msimamizi wa kituo cha mchana cha wazee, mpangaji wa wagonjwa wanaoruhusiwa kutoka hospitali, mtetezi wa wakazi wa makazi ya wazee, afisa miradi, mtafiti. Anayetafuta kwa jina la shahada yake hatapata kitu mpaka naye azeeke.

Huyo mtetezi wa wakazi ni mfano mzuri. Marekani cheo hicho kimo ndani ya sheria ya wazee ya 1965 kama ilivyorekebishwa. Kazi yake ni kupokea malalamiko ya wanaoishi kwenye makazi na kuyafuatilia: mtu kanyimwa simu, kahamishwa chumba bila kuulizwa, kengele yake haijibiwi. Hashiki sindano popote. Anayejua haki za wazee na anayejua kusikiliza ndiye anayefaa.

#5 Chozi la Mamba
Mnampoteza kijana. Hili ni tawi la udaktari ambalo Wamarekani wamelibuni juzi ili vyuo viuze kozi. Ukitaka kushughulika na wazee kuwa daktari au muuguzi, kwisha habari.

#6 Maktaba Ndogo
Chozi la Mamba, taratibu. Mambo mawili hayako sawa.

Kwanza, tawi la udaktari ni jeriatria. Hilo jina lilitolewa na daktari Ignatz Nascher mwaka 1909, huko New York. Jerontolojia ni pana zaidi: mwili, akili, familia, kipato, makazi, sheria, sera. Pili, siyo ya juzi wala haikuanzia Marekani. Élie Metchnikoff, aliyekuwa akifanya kazi Paris, alilitumia jina hilo 1903. Huyo ndiye aliyepata Nobeli ya tiba 1908, kwa kazi yake ya kinga ya mwili. Ukitaka kuwasifu Wamarekani, wasifu kwa kufungua skuli kamili ya jerontolojia katika Chuo Kikuu cha Southern California, 1975.

#7 Chozi la Mamba
Sawa Maktaba, 1903 imepita. Ya kuuza kozi bado iko palepale. Mtu anasikiliza video, anajibu maswali ya kuchagua, anachapisha cheti, kesho anajiita mtaalamu wa wazee na hajawahi kukaa na mzee mmoja kwa saa nzima.

#8 Mama Wawili
Habari zenu. Mimi nilisoma cheti cha jerontolojia mtandaoni huku namlea baba yangu aliyepata kiharusi, kwa hiyo nijibu la Chozi la Mamba kutoka upande wa anayelea.

Kaka yangu alikuwa anasisitiza baba anajiweza kabisa. Anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, anakula mwenyewe, shida iko wapi? Nami sikuwa na la kumjibu, nilikuwa nahisi tu kwamba kuna kitu hakiendi. Kwenye kozi tukafika somo la upimaji. Kuna orodha ya Katz ya 1963, ya shughuli za msingi: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, kula. Halafu kuna ya Lawton na Brody ya 1969, yenye mambo ya juu zaidi: kutumia simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, kusimamia dawa, kusimamia fedha. Na mara nyingi ya orodha hii ya pili ndiyo yanayotangulia kuharibika.

Nilikwenda na karatasi yangu. Katz, baba kapata zote. Tulipofika dawa, nikafungua kile kiboksi chake chenye vyumba vya siku za wiki. Jumatatu ilikuwa tupu, Jumanne imejaa, Jumatano ina vidonge viwili vya rangi moja, na Alhamisi aliweka kitufe cha shati. Kwenye droo kulikuwa na bili ya umeme iliyolipwa mara mbili na ya maji haijafunguliwa. Kaka aliangalia kile kitufe, hakubisha tena.

Kwa hiyo video na maswali ya kuchagua vilinifaa. Kazi sijapata, hilo nakiri, lakini nilijua cha kuangalia.

#9 Kipima Joto
Mama Wawili, hongera, na baba apate nafuu. Kile kiboksi ni somo tosha.

Ila kuna sehemu video haifiki. Mzee mwenye kiharusi unamtoaje kitandani kwenda kwenye kiti? Darasani watakuambia "msaidie kwa usalama". Kwa vitendo: kiti kinawekwa upande wake wenye nguvu, sio ule uliopooza. Kama ni cha magurudumu, breki zote mbili zimefungwa na vikanyagio vimeondolewa njiani. Unamsogeza hadi ukingoni, nyayo zote zimekaa sakafuni, miguu imerudi nyuma kidogo ya magoti. Unamwambia ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, hapo makalio yanainuka yenyewe. Wewe unazuia goti dhaifu lisikunjike. Na usimvute kwapani wala kwenye ule mkono uliopooza, maana bega lake halina misuli ya kulishikilia, utalitegua. Mara ya kwanza kila mtu anamvuta kwapani, hata aliyepata alama zote kwenye mtihani, kwa sababu mwili wako unaogopa kumwangusha na unashika palipo karibu.

Hilo hujifunzi mpaka mtu mzoefu asimame nyuma yako akuambie "toa mkono hapo".

#10 Nguchiro
Nimejaribu kupitisha pua juu ya vidole, kitambi kimekataa. Niandikeni kwenye orodha ya Katz.

#11 Babu Hachoki
Vijana, mimi ndiye mnayemjadili. Nina miaka sabini na kitu, nasoma uzi huu bila miwani. Sawa, na miwani.

Shikeni breki zenu na orodha zenu, ni nzuri. Lakini mara ya mwisho nilipokwenda kliniki, binti wa mapokezi alimuuliza mwanangu, "Mzee anasumbuliwa na nini?" Mimi niko pale, nimesimama, mkononi nina karatasi niliyoandika mwenyewe. Kisha akaniambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Babu kaa hapa eeh." Nilitamani nimuulize kama chuoni kwao kuna somo la kumsalimia mtu mzima.

Kama hiyo kozi inafundisha hilo, isome. Kama haifundishi, usije kwangu na cheti chako.

#12 Maktaba Ndogo
Shikamoo Babu. Somo hilo lipo, na ni la lazima kwenye programu yoyote inayojiheshimu. Ubaguzi wa umri ulipewa jina na daktari Robert Butler mwaka 1969. Baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya taifa ya uzee ya Marekani.

#13 Babu Hachoki
Marahaba. Kwa hiyo tangu 1969 wanafundishwa na bado binti yule ananiita eeh.

#14 Mwanasesere
😂😂 Babu ametisha.

Lakini niulize kwa nia njema. Nilisoma mahali kwamba wataalamu walithibitisha mzee kwa asili yake hujitoa taratibu kwenye jamii, na jamii nayo humwachia, na hiyo ni hali ya kawaida yenye faida kwa pande zote. Si bora tuwaache wapumzike?

#15 Maktaba Ndogo
Hiyo ni nadharia ya kujitenga, ya watafiti Cumming na Henry, 1961. Haikuthibitishwa, na ilipingwa sana. Upande wa pili walikuwepo kina Havighurst waliosema kinyume: anayebaki na shughuli na mahusiano ndiye anayezeeka vizuri. Baadaye akaja Atchley na nadharia ya mwendelezo, kwamba mtu huzeeka akiendeleza tabia na mambo aliyokuwa nayo. Aliyekuwa mpole atakuwa mzee mpole, aliyekuwa mbishi...

#16 Nguchiro
...ataandika #11.

#17 Babu Hachoki
Nakuona, Nguchiro.

#18 Ughaibuni Moja
Naona wengi wanaifikiria hii kozi kama tiketi ya kwenda kufanya kazi nje. Angalieni kabla hamjalipa ada.

Ujerumani, tangu 2020 wameunganisha mafunzo ya uuguzi wa wazee, wa watoto na wa jumla kuwa kozi moja ya miaka 3: angalau saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo. Shahada ya mtandaoni isiyo na saa za vitendo haikuingizi humo kwa mlango wa nyuma. Japani nako kuna kazi ya meneja wa huduma, yule anayepanga mzee apate msaada gani, siku gani, kutoka kwa nani. Ukiisoma utasema hii ndiyo jerontolojia kabisa! Lakini anayeruhusiwa kufanya mtihani wake ni mtu mwenye taaluma inayotambulika, kama muuguzi au mfanyakazi wa ustawi, na uzoefu wa miaka 5.

Yaani hata pale kazi inapolingana na fani, cheti kinachoangaliwa ni kingine. Narudi kwa Kipima Joto #3.

#19 Ndoo Mbili
Nimekuwa nasoma kimya. Mimi naajiri. Nadhani wote mnazunguka pembeni ya suala lenyewe, ambalo ni nani analipa.

Ughaibuni Moja ametaja Japani bila kusema kwa nini kazi ya meneja wa huduma ipo kule. Ipo kwa sababu mwaka 2000 walianzisha bima ya huduma ya muda mrefu, na ndani yake kuna fungu la kumlipa huyo mpangaji. Ujerumani walianza bima ya namna hiyo 1995. Pasipo na mfuko kama huo, kupanga huduma ya mzee ni kazi anayoifanya binti yake bure baada ya kutoka kazini, usiku, kwa simu. Kazi ipo tele, mshahara ndio haupo. Mama Wawili alichofanya na kile kiboksi, mahali pengine ni tathmini inayolipiwa. Nyumbani kwao ilikuwa Jumapili.

Kwa hiyo Mizani anasema tatizo ni jina, Kipima Joto anasema ni leseni. Mimi nasema hata ukiwa na vyote viwili, kama hakuna anayelipia uratibu, hutaajiriwa kuratibu.

#20 Mizani
Ndoo Mbili, hapo umegonga, ila sikubali yote. Hospitali zinalipa. Mzee akiruhusiwa bila mpango, nyumbani hakuna wa kumpa dawa, ngazi hawezi kupanda, wiki mbili baadaye amerudi na hali mbaya zaidi. Kitanda hicho kina gharama, na mwenye hospitali anajua kupiga hesabu. Ndiyo maana nafasi za wanaopanga kuruhusiwa kwa wagonjwa zipo hata pasipo na bima ya aina hiyo.

#21 Ndoo Mbili
Zipo, na anayepewa ni muuguzi au ofisa ustawi mwenye usajili. Tunarudi #3 tena, huoni?

#22 Msomi wa Usiku
Asanteni wakuu, mmenipa mengi kuliko ofisi ya udahili. Swali: programu yangu haina mafunzo kwa vitendo. Kuna "mradi wa mwisho", unaandika pendekezo la huduma kwa jamii yako. Hiyo inatosha?

#23 Kipima Joto
Haitoshi. Anza na usaidizi wa uuguzi, mafunzo yake ni mafupi. Fanya zamu za wikiendi huku unasoma. Ukija kuwa mratibu, hutapanga kwamba mtu mmoja awaogeshe wazee kumi kabla ya kifungua kinywa, kwa sababu mgongo wako utakukumbusha.

#24 Mizani
Mimi nitakuambia tofauti. Kabla hujaanza, waandikie uulize mambo haya: wahitimu wao wa karibuni wanafanya kazi gani, kwa vyeo gani, kama unaweza kufanya vitendo kwenye taasisi iliyo karibu nawe, kwa usimamizi, na ithibati ya chuo imetolewa na nani. Wakijibu kwa picha za watu wanaotabasamu na kofia za mahafali, umeshapata jibu. Programu nyingi za mtandaoni zinakubali ujitafutie mahali pa vitendo, ila hawakuambii mpaka uulize.

#25 Maktaba Ndogo
Na kabla hujatoa hela, onja. Chuo Kikuu cha Tasmania wana kozi ya mtandaoni ya kuielewa demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, bure, wameiendesha tangu 2013. Ukiona wiki ya pili unasinzia, huenda fani si yako.

#26 Mwanasesere
Tukigusa demensia nina kisa. Bibi yangu alikuwa mzima wa akili, anacheza karata na kutushinda. Ghafla Ijumaa akaanza kumwita mama kwa jina la dada yake aliyefariki, usiku halali, anasema kuna watu wamesimama dirishani. Kila mtu akasema ndiyo uzee huo, kusahau ni kawaida, mwacheni. Je, hiyo ndiyo demensia inavyoanza?

#27 Kipima Joto
Mwanasesere, neno la muhimu kwenye maelezo yako ni "ghafla". Demensia kwa kawaida huja taratibu, miezi na miaka, na yenyewe pia si hali ya kawaida ya uzee, ni ugonjwa. Alzheimer, aina yake mojawapo, peke yake inachukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wake. Mtu aliyekuwa mzima Alhamisi akaanza kuona watu dirishani Ijumaa, hiyo ni dharura ya kitabibu mpaka ithibitike vinginevyo. Sababu inaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji, dawa mpya, kufunga choo, hata mkojo kuziba. Apelekwe siku hiyohiyo, na mwende na dawa zake zote kwenye mfuko. Ilikuwaje?

#28 Mwanasesere
Alikuja kupelekwa baada ya siku kadhaa, na ni kwa sababu tu shangazi aligoma kukubali kwamba ni uzee. Walikuta maambukizi ya njia ya mkojo. Amerudi kwenye karata, na anaiba.

#29 Mama Wawili
Shangazi wa Mwanasesere apewe shahada ya heshima.

Msomi wa Usiku, ndiyo maana simpingi Kipima Joto lakini simfuati hadi mwisho. Hapo palihitajika mtu anayejua kutofautisha demensia na kuchanganyikiwa kwa ghafla, hapakuhitajika wa kuinua wala kuogesha. Familia zinamkosa mtu huyo, na wala hazijui zinamkosa.

#30 Chozi la Mamba
Na nani atamlipa huyo mtu, Mama Wawili? Soma #19.

#31 Nguchiro
Chozi la Mamba leo amemnukuu mwenzake kwa kumkubali. Modi, piga picha.

#32 Ughaibuni Moja
Mmesahau teknolojia. Vihisi vya kuanguka, saa zinazopiga simu zenyewe, vituo vya kuangalia wazee kwa mbali. Kampuni hizo zinahitaji watu wanaojua mzee anavyoishi. Mhandisi akiachwa peke yake anatengeneza kitufe kidogo cha kijivu juu ya kifaa cha kijivu, na sauti ya kengele nyembamba kabisa, wakati uzee unaanza kuondoa usikivu kwenye sauti hizohizo nyembamba. Kule hakuna anayekuuliza leseni.

#33 Babu Hachoki
Mwanangu alininunulia hiyo saa. Nilipopiga makofi kwenye mpira ikaita watu waje kuniokoa.

#34 Msomi wa Usiku
Babu 😂. Wakuu, nimewaandikia chuo maswali ya Mizani #24. La wahitimu wamesema watalifuatilia. La vitendo wamekubali, nitafute kituo mwenyewe na wao watamteua msimamizi. Kipima Joto, mafunzo ya usaidizi wa uuguzi kwa mtu mwenye mgongo wangu wa kukaa ofisini, nianze na mazoezi gani?

#35 Kipima Joto
Magoti na mapaja. Keti kwenye kiti, simama bila kushika mikono ya kiti, rudi, rudia. Ukiweza kufanya hivyo vizuri, jaribu na ule upimaji wetu: unainuka kwenye kiti, unatembea mita 3, unageuka, unarudi, unakaa. Mzee akitumia sekunde 12 au zaidi tunamhesabu yuko kwenye hatari ya kuanguka.

#36 Nguchiro
Sekunde 14. Nilisimama njiani kujibu uzi.